Boazi Alikwenda Langoni

Somo la wiki: Ruthu 4:1–12

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wengi wetu tukimsoma Boazi hukaa sana na usiku ule wa uwanja wa kupuria, kisha sura ya nne tunaipita mbio kwa kuwa imejaa mambo ya sheria. Lakini ni katika sura hiyo upendo wake unapoonekana. Ruthu alikwisha kumkubali, Naomi alikwisha kuridhia, na uwezo Boazi alikuwa nao. Hata hivyo alikwenda langoni, mahali pa mashauri, akawaketisha wazee kumi, akamwita jamaa aliyekuwa na haki ya kwanza ya kulikomboa shamba na kumwoa Ruthu, akalieleza jambo lote hadharani. Na mbele ya wazee wale alimtaja mchumba wake kwa asili yake, Ruthu Mmoabi, ingawa Torati ilikuwa na neno zito juu ya Wamoabi (Kumbukumbu la Torati 23:3). Hakumbadilishia kabila ili shauri liende vizuri.

Tunalileta somo hili kwa sababu katika makanisa yetu huku Marekani wapo wanandoa wengi ambao mmoja ana uraia au kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) na mwenzake hana makaratasi. Ushauri wanaopewa baada ya ibada huwa mfupi mno: "Si umeoa raia? Jaza fomu tu." Ndoa inampa mtu nafasi ya kuomba. Yenyewe haitoi makaratasi, na kwa baadhi ya watu kujaza fomu bila kuijua historia yao ni kujiitia kesi ya kuondolewa nchini.

Swali linalotangulia yote ni hili: aliingiaje? Aliyeingia kwa viza, akakaguliwa na ofisa na kuruhusiwa, kisha muda wake ukapita, njia yake ni nyepesi kama mwenzi wake ni raia. Kwa mwenzi wa raia, kupitisha muda na hata kufanya kazi bila kibali peke yake hakumzuii kuomba ukaazi akiwa hapa hapa nchini. Raia anajaza fomu I-130 (ombi la kumwombea mwenzi wake), mwenzi anajaza I-130A (maelezo yake binafsi) na I-485 (ombi la ukaazi), na zote zinaweza kutumwa pamoja. Kibali cha kazi kinaombwa kwa I-765. Uthibitisho wa kuingia kihalali ni muhuri kwenye pasipoti au I-94, yaani rekodi ya serikali ya kuingia nchini, kwa hiyo pasipoti ile ya zamani iliyokwisha muda isitupwe kamwe.

Kama mwenzi ana kadi ya kijani tu na bado hajawa raia, mambo hubadilika. Aliyepitisha muda wa viza kwa kawaida hawezi kubadilisha hadhi yake ya uhamiaji, yaani kupata ukaazi, humu ndani kwa ndoa hiyo mpaka mwenzi wake apate uraia. I-130 inaweza kutangulia, lakini wajue kwamba I-130 iliyokubaliwa si kibali cha kuishi, si kibali cha kazi, wala haimkingi mtu asiondolewe. Mara nyingi hatua ya busara katika nyumba kama hiyo ni yule mwenye kadi kuanza maombi ya uraia mapema, akitimiza miaka inayotakiwa.

Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa ana mlima mkubwa zaidi. Kwa kawaida analazimika kwenda kufanyiwa usaili wa viza kwenye ubalozi wa Marekani nje ya nchi. Na kutoka kwenyewe ndiko kunakoamsha adhabu. Aliyekaa bila hadhi zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, akiondoka anazuiwa miaka 3. Aliyekaa mwaka mmoja au zaidi anazuiwa miaka 10. Ndiyo maana tunasisitiza kwa nguvu zote: asipande ndege, hata kwa msiba wa mzazi, kabla ya kuzungumza na wakili. Inauma kusema hivyo kwa mtu aliyefiwa, lakini kumnyamazia ni kumwacha apoteze miaka 10 na watoto wake.

Kwa watu hawa kuna ombi la msamaha, fomu I-601A, linaloamuliwa mtu akiwa bado Marekani ili aondoke akiwa na jibu mkononi. Ni lazima aonyeshe kwamba mwenzi wake au mzazi wake, aliye raia au mwenye kadi ya kijani, atapata taabu iliyopita kiasi kama ombi litakataliwa. Wengi hukosea hapa kwa kuandika kurasa nzima juu ya watoto. Sheria haiwahesabu watoto moja kwa moja. Taabu yao inahesabika kwa jinsi inavyomwangukia mzazi anayebaki nao. "Tutakumbukana sana" haitoshi. Zinatakiwa barua za daktari, orodha ya dawa, madeni, rekodi za shule, na maelezo ya kwa nini familia haiwezi kuhamia nchi ile nyingine. Tena msamaha huo unafuta kosa moja tu, lile la kukaa bila hadhi. Ofisa wa ubalozi akikuta tatizo jingine, msamaha unabatilika na mtu anabaki huko. Aliyewahi kuondolewa, au kukaa bila hadhi zaidi ya mwaka kwa jumla, kisha akarudi kwa kuvuka mpaka kwa siri, fomu hii si yake kabisa.

Tukirudi langoni kwa Boazi, tunakuja kwenye neno gumu: ukweli. Si uongo wote unaosameheka mbele ya sheria hii. Mtu akiajiriwa hujaza fomu I-9, na pale juu kuna visanduku vya kuchagua hadhi. Wapo waliotia alama kwenye kisanduku cha raia kwa sababu rafiki aliwaambia ndivyo kazi inavyopatikana. Kujidai raia namna hiyo, tangu Septemba 30, 1996, kunamfungia mtu ukaazi, na kwa mwenzi wa raia hakuna msamaha wa kuomba. Mwingine alipoomba viza ya kutembea alijaza kwamba ameoa, aonekane ana sababu ya kurudi nyumbani, na sasa anaandika kwamba hii ndiyo ndoa yake ya kwanza. Ofisa ana majibu yote mawili mbele yake. Mwingine aliacha nyumbani ndoa ya kimila ambayo haikuvunjwa kwa utaratibu wowote. Yote haya aambiwe wakili kabla ya fomu ya kwanza, kwa sababu kinachoelezwa mapema mara nyingine kina njia, na kinachofichuliwa kwenye usaili hugeuka kuwa udanganyifu.

Aliyewahi kuwa na kesi ya hifadhi au kukosa tarehe ya mahakama aombe kwanza faili lake serikalini. Yawezekana kuna amri ya kuondolewa iliyotolewa asipokuwapo, naye hajui. Kwenda kwenye usaili wa ndoa ukiwa na amri kama hiyo bila wakili ni hatari ya kukamatwa.

Wakili awe mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria ya Marekani. Ndugu anayejua kujaza fomu si wakili, hata akiwa shemasi. Usitie sahihi karatasi tupu, na udai nakala ya kila kinachotumwa.

Ndoa za kuuziana tusizitaje kwa upole. Sheria inatoa kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000. Tena mtu akionekana aliwahi kuoa kwa ajili ya makaratasi, ombi lolote la baadaye linakataliwa, hata ndoa ya pili ikiwa ya kweli kabisa. Mchungaji anayefungisha ndoa asiyoiamini anashiriki jambo hilo. Na kwa ndoa za kweli, wachungaji wakumbuke kwamba cheti kizuri cha kanisa chenye maua pembeni hakikubaliki peke yake. Leseni ya ndoa inachukuliwa kwanza ofisi ya kaunti, mfungishaji anaitia sahihi na kuirudisha ndani ya muda uliowekwa, kisha cheti kinatolewa na serikali.

Sasa udhamini. Fomu I-864 inamtaka raia au mwenye kadi aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha mwaka huo, kwa idadi ya watu wote: yeye mwenyewe, mwenzi wake na wote anaowatunza. Kipato kisipofika, anatafutwa mdhamini wa pili, na hapo ndipo ndugu kanisani huombwa. Yuda alijitoa kuwa mdhamini wa Benyamini (Mwanzo 43:9), lakini Mithali 6:1–5 inamwonya anayekimbilia dhamana. Maneno yote mawili ni ya Mungu. Anayetia sahihi ajue kwamba huo ni mkataba na serikali: hauishi kwa talaka. Unaisha aliyedhaminiwa akiwa raia, akihesabiwa robo mwaka 40 za kazi (kama miaka 10), akiondoka nchini moja kwa moja na kuacha ukaazi, au akifariki. Mwombaji asikasirike ndugu akisema ngoja kwanza nizungumze na mke wangu.

Waliobaki wanaweza kuwa mashahidi kama wazee wa langoni. Barua ya "namfahamu, ni Mkristo mwema" haina uzito. Andika jina lako kamili, anwani, tarehe na mahali ulipozaliwa, umewajua lini na wapi, kisha uliyoyaona mwenyewe: uliwasaidia kuhamia nyumba ipi, nani alikuwa na mgonjwa hospitalini. Usiandike usichokiona. Barua hizi huongezea tu uzito kwenye mkataba wa nyumba wenye majina mawili, kodi ya mapato iliyojazwa pamoja, bima, na akaunti inayoonyesha umeme na chakula vikilipwa mwezi kwa mwezi. Akaunti iliyofunguliwa wiki moja kabla ya usaili haimshawishi mtu.

Uchunguzi wa afya, I-693, ufanywe na daktari aliyeteuliwa. Tangu Desemba 2, 2024 fomu hiyo inatakiwa iambatane na I-485. Bahasha yake usiifungue. Kwenye usaili, asiyeelewa Kiingereza vizuri aende na mkalimani, wala asiitikie kwa kichwa swali asilolielewa.

Kama ndoa haijafika miaka 2 siku ukaazi unapotolewa, kadi inakuwa ya miaka 2, na I-751, ombi la kuondoa masharti ya kadi hiyo, inatumwa ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Wengi hupumzika hapa, tarehe ikapita, hadhi ikapotea.

Kuna nyumba ambako makaratasi yamegeuzwa fimbo: "Ukisema neno, naliondoa ombi lako." Anayepigwa au kuteswa na mwenzi aliye raia au mwenye kadi, awe mke au mume, anaweza kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, na mtesaji haarifiwi. Akiwa amekwisha kuachika kwa sababu ya mateso hayo, ana miaka 2 tangu talaka. Kwa hiyo wazee wa kanisa wasimcheleweshe kwa vikao vya usuluhishi. Wamsaidie kupata mahali salama pa kulala, kisha wakili.