Cheti safi, marobota machafu

Nimetoa mizigo ya watu Kilindini miaka kumi na minne. Mtu akiniambia "karatasi zote ziko sawa" mimi humuuliza: karatasi zasema nini, na mzigo wasema nini?

Mwaka jana nilikwenda Marseille, mji wa bandari Ufaransa, kumwona dada yangu, aliyeolewa na Mngazija huko. Shemeji akanipeleka makumbusho ya historia ya mji. Yeye alitaka nione mabaki ya bandari ya kale, mimi nikaganda mbele ya nanga kubwa iliyoliwa na chumvi: nanga ya Grand-Saint-Antoine, meli iliyoleta tauni mwaka 1720. Niliporudi nyumbani nikasoma habari zake usiku kucha.

Kilichonishangaza ni kwamba Marseille walikuwa wamejipanga kuliko nilivyodhani. Palikuwa na ofisi ya afya, na lazareti huko Arenc, nje ya mji, ya kuwekea watu na bidhaa kutoka Mashariki. Kila meli ilibeba cheti cha bandari ilikotoka, kusema kama kule kuna tauni au hakuna. Cheti kikiwa safi, siku za kungoja zinapungua.

Nahodha Chataud alikuwa na vyeti safi vya Saida, Sur na Tripoli ya Sham, kwa kuwa hapakuwa pametangazwa ugonjwa alipong'oa nanga. Lakini njiani abiria mmoja akafa, kisha mabaharia kadhaa, kisha tabibu wa meli. Livorno, bandari ya Italia, wakamkatalia kuingia, na daktari wa huko akaandika kwamba waliokufa waliuawa na homa mbaya ya kuambukiza. Kwa hivyo meli ilipofika Marseille tarehe 25 Mei, habari zilikuwepo kwa maandishi.

Ndani mlikuwa na hariri na marobota ya pamba, thamani yake kama écu 100,000, sarafu za fedha za Ufaransa. Soko kubwa la Beaucaire lingefunguliwa Julai. Na mmoja wa wenye mali alikuwa Jean-Baptiste Estelle, diwani wa kwanza wa mji. Ofisi ya afya iliamua kwanza meli ipelekwe kisiwa cha Jarre, mbali na watu. Siku chache baadaye uamuzi ukageuka: bidhaa zishushwe lazareti.

Hapo nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na raha. Niliwahi kuwa na mteja wa mitumba. Kontena yake ilikwama kwa ajili ya cheti cha kufukizia dawa, siku za kukaa bandarini bure zikaisha, ada ya storeji ikaanza kukimbia, na Idd ile inakuja. Alinipigia simu asubuhi, mchana na usiku: "Ongea na watu wako, bwana." Kontena ilitoka siku mbili kabla ya Idd. Nisiseme zaidi.

Huko Arenc, mwezi Juni wakaanza kufa mahamali waliofungua marobota. Wakati huohuo ugonjwa ulikuwa umeshaingia mjini, na vitambaa vya magendo ndivyo vilivyotuhumiwa. Julai madaktari walisema wazi kwamba ni tauni, madiwani wakajikausha. Tarehe 31 Julai mahakama kuu ya mkoa, iliyokuwa mjini Aix, ikapiga marufuku watu wa Marseille kutoka na wengine kuingia, adhabu yake kifo. Mwaka uliofuata wakajenga ukuta wa mawe makavu milimani Vaucluse, kilomita 27, askari wakilinda. Mawe yote hayo kuziba mlango ambao karani mmoja angeufunga kwa kalamu!

Katika mji wa watu kama 90,000, walikufa karibu nusu. Mwezi Septemba 1720 Chevalier Roze, bwana mmoja wa mji huo, aliingia uwanja wa Tourette na askari na wafungwa, wakazoa maiti zaidi ya elfu moja zilizokuwa zikioza juani. Katika kaburi la halaiki lililofukuliwa 1994 zilionekana pini za shaba kwenye vidole gumba vya miguu. Walidungwa ili ijulikane kama kweli wamekufa.

Nahodha alifungwa ngome ya Château d'If hadi 1723. Estelle hakufungwa.

Na meli? Mtawala wa Ufaransa aliamuru ichomwe, ikaungua huko Jarre mwishoni mwa Septemba 1720, kisiwa kilekile ilikotakiwa ipelekwe mwezi Mei. Wapiga mbizi waliikuta chini ya maji mwaka 1978. Marobota yalikuwa yametoka kitambo.