Tunawapinga, lakini tumewasoma?

Nakala ya The Road to Serfdom, kitabu cha mwanauchumi Friedrich Hayek kinachoonya dhidi ya serikali kupanga uchumi wote, niliyoazima maktaba ya chuo ilijaa mistari ya penseli kwenye utangulizi na sura ya kwanza, lakini baada ya sura ya pili kurasa zilikuwa safi, kana kwamba hazijawahi kufunguliwa. Hata hivyo, Hayek hutajwa katika semina nyingi za wanauchumi kama mtu aliyetaka serikali isimsaidie yeyote. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifundisha hivyo, kwa kuwa ndivyo nilivyosikia kwa walionifundisha. Nilipofika sura ya tisa nikamkuta akikubali waziwazi kwamba jamii yenye uwezo inaweza kumhakikishia kila mtu chakula, malazi na mavazi ya kutosha. Niliona aibu, maana nilikuwa nikimpinga mtu niliyemtunga mwenyewe.

Adam Smith, anayeitwa baba wa uchumi, naye amepatwa na hayo hayo, kwa wanaomsifu na wanaomlaumu. Ule "mkono usioonekana", yaani wazo kwamba mtu anayetafuta faida yake huweza kuinufaisha jamii bila kukusudia, umetajwa mara moja tu katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776, The Wealth of Nations, ilhali wachache hukumbuka kwamba humo humo alionya kuwa mfanyakazi anayerudia kazi moja ndogo maisha yake yote hudumaa akili, na akaitaka serikali ishughulikie elimu ya watu wa kawaida.

Najua muda ni mfupi na hakuna awezaye kusoma kila kitu. Hilo nalikubali, ila halimpi mtu ruhusa ya kuhukumu kwa kutegemea muhtasari wa mwingine.

John Maynard Keynes, mwanauchumi aliyetetea serikali kuingilia uchumi, alikisoma kitabu hicho cha Hayek mwaka 1944, akiwa safarini kuelekea mkutano wa Bretton Woods uliopanga mfumo wa fedha wa kimataifa, kisha akamwandikia barua ya kukisifu kwa dhati. Baada ya sifa hizo alimbana: ikiwa unakiri kwamba serikali ina mahali pa kuingilia, mbona hutuambii mpaka uwekwe wapi? Swali hilo lingemtoka tu mtu aliyekwisha kukisoma kitabu chenyewe.

Muhula huu nimewataka wanafunzi wangu, kabla ya kumkosoa mwandishi yeyote, waniandikie hoja yake moja iliyowasumbua na ukurasa ilipo. Wiki ya kwanza, karatasi nyingi zilirudi na hoja bila ukurasa.