Mwenzangu huyu ni shoto? Siku moja ya mtengeneza gemu Unguja

Saa 11:30 alfajiri. Nimerudi msikitini, chai bado iko jikoni, laptopu nimeshaichomeka. Ndiyo mazoea yetu: ukiukuta umeme, jaza betri kwanza, mengine baadaye.

Natengeneza gemu ya bao la kiswahili. Mashimo 32, kete 64, namua na mtaji (awamu mbili za mchezo), nyumba (shimo kuu la kila mchezaji) na kichwa (shimo la mwisho la safu), kama linavyochezwa barazani. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni ya bure, laptopu yangu kongwe inaimudu, na faili zake za sini (sini ni ukurasa mmoja wa gemu pamoja na vilivyomo ndani yake) ni maandishi tu, unayasoma kwa macho. Ila wiki hii gemu yenyewe siigusi sana. Naunganisha edita (dirisha la Godot ninamojengea gemu) na msaidizi wa akili mnemba, maana nimechoka kuwa karani wa kunakili msimbo dirisha hili na kuubandika dirisha lile.

Saa 2:00 asubuhi. Kimya. Msaidizi anasema seva haijibu.

Mpango wenyewe ni wa kupokezana ndoo. Msaidizi anazungumza na seva ndogo niliyoiandika, kwa kufuata MCP, itifaki ya kuunganisha wasaidizi kama huyu na programu nyingine, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Seva inapitisha ujumbe kwa WebSocket (njia ya mawasiliano inayobaki wazi pande zote mbili) hadi kwenye plagini, programu ndogo ya nyongeza iliyo ndani ya edita. Plagini ndiyo yenye mkono. Nimeipa amri chache, na majina yake ni ya Kiswahili: orodhesha_nodi, ongeza_nodi, badili_sifa, endesha_gemu, piga_picha. (Nodi ni kipande kimoja cha sini, kama vile shimo.) Amri ya kufuta faili haimo, na haitakuwemo.

Saa nzima nimehangaika na plagini, kumbe mchawi ni mimi. Seva na msaidizi wanapelekeana JSON (data iliyoandikwa kwa mpangilio maalumu) kupitia mfereji uleule ambao print, amri ya kuandika ujumbe, huandikia. Jana usiku, nikiwinda kosa jingine, nilipachika print ya "nimefika hapa". Mwenzangu anangoja JSON, analetewa "nimefika hapa". Lazima aduwae. Nimeihamishia stderr, mfereji wa pembeni wa ujumbe wa makosa, mazungumzo yakarudi.

Saa 4:30. Nikamwambia: panga mashimo 32, safu nne, nane kila safu, nyumba ziwe za mraba. Basi nikakaa nikitazama. Mashimo yanachipuka kwenye skrini moja moja, mimi mikono mapajani. Raha yake siwezi kuificha.

Nikaendesha gemu. Ubao mtupu.

Nikarudi kwenye edita, mashimo haya hapa. Nikaendesha tena, hakuna kitu. Msaidizi nikimuuliza anaapa kwamba nodi 32 zipo, na akiita orodhesha_nodi kweli anazipata. Kilichonitanabahisha ni ule mti wa nodi pembeni: haukuonyesha hata shimo moja. Kwenye Godot, nodi inayoongezwa na plagini haitoshi kupewa mzazi. Lazima iwekewe owner (mmiliki), ambaye ni mzizi wa sini unayoihariri, yaani nodi ya juu kabisa. Bila hivyo itaonekana machoni, lakini sini ikihifadhiwa inaachwa nje, na gemu huendeshwa kutoka kwenye faili lililohifadhiwa. Nodi zangu zilikuwa na mzazi lakini hazikuandikishwa. Mstari mmoja, mashimo yakakaa. Hapohapo nikapitisha mabadiliko yote kwenye mfumo wa edita wa kutendua, ili akiharibu nibonyeze Ctrl+Z kama niliyeharibu mwenyewe. Hilo lilitakiwa liwe la kwanza, lakini nani hufunga mlango kabla ya mbuzi kutoka?

Saa 7:00 mchana. Umeme umekatika. Wali na samaki wa kupaka, na kijiusingizi.

Saa 9:15. Umerudi. Nimemtaka aandike skripti ya kusogeza mkono unaobeba kete, akaniletea KinematicBody2D na yield, maneno ya Godot 3. Toka Godot 4.0 itoke 2023 hayo ni CharacterBody2D na await. Yumkini kasoma mifano mingi ya zamani kuliko mipya. Nimemwandikia faili la maelekezo ambalo hulisoma kila tunapoanza. Mama kapita mlangoni: "Bado unasemezana na hilo dude?" Bado, mama.

Kisha kete za kuanzia. Kila mchezaji anaanza na kete 6 kwenye nyumba, na mbilimbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kuume kwake. Zilizobaki, 22, anazo mkononi. Amezipanga, amepiga picha, ameikagua picha yake mwenyewe, na kutoa taarifa kuwa mpangilio ni sahihi. Nami nikahesabu: 10 juu, 10 chini. Sawasawa.

Saa 11:00 jioni. Barazani, kahawa chungu na kashata. Nimeweka gemu kwenye simu, nikampelekea babu mmoja ambaye bao kalicheza tangu sijazaliwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hebu lete nilione hilo bao lako."

Kaisogeza simu mbali na macho, kaitazama kama sekunde tatu.

"Mwenzangu huyu wa juu ni shoto?"

Baraza zima likacheka, mimi sijaelewa. Akaigeuza simu, juu ikawa chini, akanionyesha kwa kidole. Anayekaa upande wa pili ananikabili, kuume kwake ni kushoto kwangu. Msaidizi kaweka kete za wote wawili kuume kwa skrini. Hajapata kukaa mbele ya bao na mtu akakaa mkabala naye. Lakini mimi nimekaa mara ngapi? Na picha niliiona, nikahesabu kumi na kumi, nikaridhika.

Saa 3:00 usiku. Kwenye skripti kosa lilikuwa alama moja: nyumba + 1 na nyumba + 2, ambazo kwa mchezaji wa juu zilipaswa kuwa za kutoa. Nimezibadili kwa mkono wangu, sikumwita mtu. Nikageuza laptopu juu chini mezani, nikahakikisha. Kisha nikaandika komiti ya Git (kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo): "Wa juu si shoto tena."