Flaiwili mbovu ilivyonisaidia kukata gia ya mashine ya miwa

Mteja aliyenitia kwenye kazi hii anauza juisi ya miwa. Alifika kibandani kwangu asubuhi na gia imeviringishwa kwenye gazeti: meno manne yameng'oka, mengine yameliwa mpaka yamechongoka kama ya papa. "Fundi, Kariakoo nimezunguka siku mbili, hamna. Na mzigo wa miwa unakauka nyumbani." Nikamwambia aniachie, huku moyoni najua sina mashine ya kukatia gia. Nina lethi moja tu, mashine ya kukereza chuma, ile ya zamani ya Kihindi. Kukereza duara kwangu si kazi. Kazi ni kuligawa duara hilo mara 24 sawasawa, jino la mwisho likutane na la kwanza bila kubaki ufa wala kubanana.

Nilihesabu meno, 24. Nikapima kipenyo cha nje kwa venia, ile koleo ya kupimia, nikapata milimita 77.6. Ukijumlisha meno na 2, halafu ukagawa kipenyo kwa jibu hilo, unapata moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino. Yangu ilitoka 2.98, maana yake ni moduli 3 iliyochakaa. Kwa hiyo gia mpya iwe na milimita 78, na kina cha jino kiwe 3 mara 2.25, yaani 6.75. Hesabu zote zikaenea nyuma ya pakiti ya sigara ya jirani yangu.

Nikaenda kwa wauza skrepa wa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Watu wengi wakienda skrepa wanatafuta chuma. Mimi siku hizi natafuta kazi iliyokwisha kufanywa na mtu mwenye mashine nzuri kuliko yangu. Flaiwili ya gari, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, ni mfano wake: ule ukingo wenye meno yanayoshikwa na starta umegawanywa kiwandani. Nilipindua flaiwili tano hivi, nahesabu kwa chaki, nikapata moja yenye meno 120. Kugawa kwa 24 ni 5. Kila ukiruka meno matano, umepata jino moja la gia. Tena flaiwili ina upana wa kama sentimita 30, kwa hiyo kosa la nusu milimita pale ukingoni, kwenye gia ndogo linabaki kama sehemu ya kumi tu ya milimita.

Lakini angalia kabla ya kulipa. Injini ya silinda nne hupenda kuzimika ikiwa imesimama sehemu mbili zilezile, na starta ikawa inatafuna meno ya hapohapo tu. Yangu ilikuwa imeliwa pande mbili zinazotazamana. Bahati nzuri jino huliwa upande ambao starta inaingilia, upande wa pili linabaki zima. Nikaigeuza.

Kuifunga nyuma ya spindo ya lethi, ile ekseli inayozungusha kipande kinachokatwa, ili vizunguke pamoja, nilitumia mhimili niliouchana kwa msumeno na kuutia boliti yenye koni ndani. Ukikaza, mhimili unatanuka na kung'ang'ania tundu la spindo, kama usukani wa baiskeli unavyokazwa. Hiyo ilikuwa nusu siku tu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kizuizi cha kuingia kati ya meno. Nilikuwa na silinda hedi iliyopasuka, nikatoa valvu moja, springi yake na ile bomba inamopita, ambayo sisi mafundi tunaiita gaidi, jina linalomshtua kila mwanafunzi mgeni. Fikiria: fito iliyonyooka, imesuguliwa laini, inateleza kwenye tundu lake bila kucheza, na springi ya kuirudisha ipo. Nikakata kichwa cha valvu, nikanoa ncha kwa umbo la kabari ili ikae kati ya meno mawili, nikaifunga kwenye kipande cha engo, chuma cha pembe, nyuma ya lethi. Ukivuta, spindo inazunguka. Ukiachia, inasema "tak" na hapo haichezi.

Kisu cha kukatia meno ndicho kilichonitoa jasho. Cha kwanza nilitoa kwenye springi ya gari, nikakipasha mpaka kikawa chekundu, nikakizamisha kwenye maji. Nikasikia kitu kidogo, "tik", kama glasi. Ufa toka juu mpaka chini. Cha pili nilikata kwenye kikombe cha nje cha beringi ya Fuso. Nilikilaza kwenye majivu ya moto usiku kucha kilainike, nikakinyoosha juu ya kipande cha reli, nikaanza tupa. Umbo lake nililitoa kwenye gia ileile mbovu: ukingoni kulikuwa na kama milimita tatu ambazo gia mwenzake haikuwa inazifikia, kwa hiyo mwanya wa pale ulikuwa bado wa kiwandani. Napaka masizi, naingiza kisu, natazama mwanga wa jua unapenya wapi, napiga tupa mara mbili, narudia. Karibu saa tatu nzima. Kisha moto wa mkaa, nikawa najaribu na sumaku ya spika. Ilipoacha kushika nikaongeza moto kidogo, halafu ndani ya oili, si maji. Nikakisugua king'ae na kukipasha pole pole mpaka kikapata rangi ya nyasi kavu.

Gia yenyewe nilichonga kutoka flaiwili nyingine iliyopasuka, kwa kuwa nayo ni chuma cha kusubu. Lethi sikuiwasha wakati wa kukata meno. Nilifunga mtaimbo wa kusukuma na kuvuta kareji, ile sehemu ya lethi inayoteleza ikiwa imebeba kisu, na kiungo kati yao kilikuwa rodi ya usukani na boljointi zake mbili. Kila msukumo kisu kinakwangua sehemu ya kumi ya milimita. Piga hesabu: misukumo 68 kwa kila mwanya, mara 24. Inakuja 1,632. Bega langu linaikumbuka namba hiyo.

Na gia ya kwanza niliiharibu. Mwanya wa 13 niliruka meno sita badala ya matano kwa sababu nilikuwa najibu simu. Nilikaa chini, nikanywa chai, nikaanza upya. Safari hii nilipaka kila mwanya wa tano wa flaiwili rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, na simu nikaizima.

Gia imefungwa. Ina mlio zaidi kidogo kuliko ya kiwandani, ila miwa inasagika. Nilijaribu pia kukata gia kutoka ekseli ya gari, kisu kikafa kwenye jino la tatu, kwa hiyo chuma cha aina hiyo sikipokei mpaka nipate kisu cha haispidi, chuma maalumu cha kukatia vyuma.

Wiki iliyopita kaja mwingine, gia yake ina meno 28. Meno 120 hayagawanyiki hapo, nahitaji flaiwili ya 112 au 140. Yule mzee wa skrepa sasa akiniona naingia na chaki ananiuliza, "Leo tunahesabu mpaka ngapi?"