Siku moja na fundi wa unga unaong'aa

Saa moja asubuhi. Watu wakisikia nashughulika na fuwele zinazotoa mwanga hudhani nashinda nikitazama vito. Kazi huanza kwa kusaga: oksaidi ya metali iitwayo itriamu, unga mweupe pe, na yuropiamu kidogo, metali inayotoa mwanga wenyewe, atomi tano hivi kwa kila mia. Yuropiamu ikizidi, atomi zake hupokezana nishati hadi inapotea bure na unga unafifia. Kinu ni cha akiki na kijiko ni cha plastiki, kwa sababu uchafu wa chuma huuzima mwanga. Kufikia saa tatu bega limeshaanza kulalamika.

Saa tatu, tanuri. Nyuzi tano kwa dakika hadi 1,400, polepole, vikombe vya alumina visije vikapasuka. Naosha vyombo, naandika lebo.

Saa tano akaingia mteja, amekuja kushuhudia sampuli yake ya awali ikipimwa. Nikavaa miwani ya kinga, nikaimulika kwa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, ule ule unaotolewa na zebaki ndani ya taa za florisenti. Unga ukawaka mwekundu. Kwenye grafu, mstari mrefu ukasimama kwenye 611, mahali pake. Lakini palikuwa na mstari mwingine, umesimama kwenye 508.

"Fundi, hiyo ni kijani! Nimepata rangi mpya!"

Nikamwambia hapana. Kioo chenye michirizi ndani ya spektromita, chombo kinachotenganisha na kupima rangi za mwanga, hutoa mwanga kwa ngazi, na ngazi ya pili ya 254 huangukia panaposomwa mara mbili yake, 508. Ni taa yetu wenyewe inayojirudia.

"Una uhakika? Mbona kimenyooka hivyo?"

Kimenyooka kwa sababu taa imenyooka, ndugu yangu. Nikahamisha mwanga wa kumulika hadi 260, kile kijani chake kikahamia 520. Mstari wa 611 haukutikisika, kwani elektroni zinazoutoa zimejificha ndani ya atomi, nyuma ya tabaka za nje. Akasema labda sampuli ina kijani kinachohama. Kinachohama! Nikaweka kichujio kinachozuia urujuanimno mbele ya kigunduzi: 520 ikafutika, 611 ikabaki. Akaomba tukiondoe. Tukakiondoa. Akaomba tukirudishe. Chakula cha mchana kilipita tukiwa hapo, naye anapiga picha skrini kwa simu, kila picha ina kidole chake pembeni.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipokubali. Nilikuwa nimeshapima sampuli za watu wengine huku yeye akihesabu kwenye daftari, 254 mara mbili, kana kwamba jibu lingebadilika. Hata hivyo grafu aliyoondoka nayo ni safi, na hakuna atakayempinga. Hilo ni langu, ingawa jina langu halitatokea popote.

Jua limeshazama, akapiga simu: ile sampuli ya pili, ningeweza kuitoa leo? Tanuri lilikuwa linasoma nyuzi 1,100, linashuka. Nikamwambia kesho, baada ya saa nne.