Umeifungua kweli?

Maneno mawili yamenikaa kooni tangu Jumanne. Binti wa dada yangu, mtoto wa maswali mengi, aliniandikia: "Shikamoo Mjomba. Hii picha ni ya kweli?" Nikamjibu: "Marahaba. Feki hiyo." Haikupita dakika akarudisha: "Mjomba, umeifungua kweli?"

Sikuwa nimeifungua. Nilikuwa nimeona kile kijipicha chenye ukungu tu, ndege mbili zimebebana angani kama zinagongana, nikatoa hukumu. Wiki hii tumehama nyumba, na kazini nimekabidhiwa kitengo kizima, lakini kinachonizunguka kichwani ni swali la mtoto. Umeifungua kweli?

Jumatano usiku nikaifungua. Mbele ni Boeing 737-800, ndege ya abiria, inayoielekea kamera, magurudumu yako nje. Juu yake kidogo, kama imemkalia mwenzake mgongoni, ni Boeing 777-300ER, ndege kubwa zaidi. Kwa upana zinakaribia kulingana, na hapo ndipo jicho linaponaswa: vitu vikionekana sawa, tunaviweka mahali pamoja. Sasa, 737-800 yenye vile vipindo kwenye ncha za mabawa ina upana wa mita 35.8. 777-300ER ina mita 64.8. Nikapima pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili: ya mbele 1,240, ya nyuma 1,120. Unagawanya mita kwa pikseli za kila ndege, halafu unalinganisha. Ya kwanza inatoka 0.0289, ya pili 0.0579. Maana yake kubwa iko mbali mara mbili ya ndogo. Kama 737 iko kilomita mbili kutoka kwa mpiga picha, 777 iko kilomita nne.

Picha ikishapita kwenye programu za ujumbe, mara nyingi taarifa za kamera huwa zimefutwa, hujui lenzi gani ilitumika. Hesabu hii haiihitaji lenzi, wala haiharibiki picha ikikatwa pembeni. Inaharibika ukikosea aina ya ndege (737-800 isiyo na vipindo ni mita 34.3), au ndege ikiwa imekaa upande, maana bawa lililogeuka huonekana fupi kuliko lilivyo.

Lakini hiyo ni hesabu ya umbali. Haisemi kama ndege haikubandikwa. Kwa hilo mimi huanzia miguuni. Anayebandika mara nyingi huchukua ndege iliyopigwa ikiwa ardhini, na ardhini shokapu zimebonyea kwa uzito. Angani huwa zimenyooka, chuma king'aacho kinaonekana kirefu. Kila mguu mkuu wa 777 una magurudumu sita, na ukiwa hewani jozi ya nyuma huning'inia chini kuliko ya mbele. Kwa Boeing 767 ni kinyume, ya mbele ndiyo inayoshuka. Kwenye picha ya mtoto, jozi za nyuma zilikuwa chini, kama inavyotakiwa.

Kisha weusi. Tairi ni nyeusi kote duniani, lakini hewa iliyo katikati huipausha. Kwenye kipimo cha 0 (nyeusi tii) hadi 255 (nyeupe kabisa), tairi za 737 zilisoma kama 20, za 777 zikasoma kama 60. Ndege ya mbali yenye weusi mzito sawa na ya karibu hunitia shaka mara moja.

Umeifungua kweli? Nikaivuta tena, mara hii hadi pikseli zikawa vigae. Na hapo, pembeni ya injini ya kulia ya 737, nikaona kitu kilichonifanya nisimame. Gurudumu moja la 777, lile tu linaloangukia kwenye mkondo wa moshi moto wa injini ile, lilikuwa limepindapinda kama kitu unachokitazama juu ya moto. Magurudumu mengine yametulia kabisa. Mbandikaji hukata ndege kwa uangalifu, akasahau kwamba hewa moto ya ndege ya mbele lazima iiguse ya nyuma. Hapa iliigusa. Nilifurahi mno, nikacheka peke yangu saa sita usiku.

Kwa hiyo picha ni ya kweli, na kugongana hakupo. Mtoto aliuliza swali moja, ndani yake mlikuwa na mawili. Uwanja wa ndege wa San Francisco, Marekani, kwa mfano, mistari ya katikati ya njia mbili za kutua, 28L na 28R, imeachana mita 229 hivi, na kwa miaka mingi ndege zilikuwa zikishuka sambamba. Lenzi ndefu ikiwekwa mbali, inazishonanisha. Hata ile picha maarufu ya ndege ya kivita F/A-18 iliyopigwa 7 Julai 1999 kutoka meli ya kivita ya Marekani, USS Constellation, ndege imevaa pazia la wingu, ni halali kabisa. Maelezo ndiyo yenye kasoro: wengi huandika kwamba inavunja kizuizi cha sauti, ilhali wingu lile ni unyevu uliogeuka matone madogo kwa sababu shinikizo na joto la hewa vimeshuka ghafla, na huweza kutokea kabla mwendo wa sauti haujafikiwa. Ya kughushi hasa ni kama ile ya 2001, mtu amesimama juu ya mnara wa World Trade Center, New York, na ndege nyuma yake. Ndege ile ni 757, zilizogonga minara zote mbili zilikuwa 767. Na amevaa koti la baridi mwezi Septemba.

Nimemwandikia yote haya jana, na nikamwomba radhi kwa lile jibu la Jumanne. Amenitumia nyingine tatu. Hizo nitazifungua.