Heroe wa Simbi Nyaima

Basi lilitoka Nairobi saa tatu usiku nikiwa tayari nimekasirika. Mchana nauli ilikuwa 1,300. Jioni makanga akasema 2,000, eti watu ni wengi. Nikapewa kiti cha juu ya gurudumu, magoti kidevuni hadi alfajiri. Kendu Bay nako mtu wa boda boda akadai 300. Nililipa tu, maana heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa ziwa la Simbi Nyaima, ndio walionitoa nyumbani.

Nao walikuwepo, ufuo mzima umegeuka waridi. Darubini ya kuazima ilinionyesha mmoja karibu kabisa: kichwa chini, mdomo uliopinda umegeuzwa juu chini majini, koo likipwita upesi upesi, maji yanatoka na mwani unabaki. Mwani huo mdogo mno ndio chakula chake, na ndio unaompa rangi. Nilichovya vidole, maji yakateleza kama ya sabuni. Ni magadi. Ndiyo maana sikuona nyavu hapa, ilhali Ziwa Victoria haliko mbali na limejaa wavuvi.

Nyuma yangu alikuwa ajuza akichunga mbuzi. Nilimwamkia, nikamwita Dani kama wenyeji wanavyomwita bibi. Jambo la kwanza aliniuliza kama nimekula, akanimegea kiazi kitamu cha kuchoma. Kisha akanyoosha fimbo pale heroe walipokuwa wengi zaidi.

"Pale palikuwa na boma. Watu walikuwa wanakunywa pombe. Akaja mwanamke mzee, ana njaa, amelowa. Wakamfukuza."

Mke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akamwashia moto. Yule mzee akamwambia atoke usiku huo huo na mumewe. Mume alikataa kuacha mtungi. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama na watu wake, na jina ndilo hilo: Simbi Nyaima, Simbi iliyozama.

Nilishindwa kuisikiliza kama ngano. Mimi ni mtu wa Mathare, Nairobi. Aprili 2024 mto uliingia ndani usiku, nikatoka na mtoto wa jirani mabegani, godoro na jiko vikaenda. Mezani kwetu pale plotini mgeni hakukosa chai hata siku moja. Nikamuuliza Dani: sisi tulimnyima nani?

Alikaa kimya muda mrefu. Akaita mbuzi mmoja aliyekuwa anashuka majini, akarudi kwangu.

"Nani aliwapokea?"

Nikamwambia tulilala darasani, watoto juu ya madawati, na kina mama wa mtaa wa juu walituletea uji. Mei zikaja tingatinga, zikabomoa hata kuta zilizokuwa zimesimama.

"Na sasa unalala wapi, mwanangu?"

"Mtaa wa Huruma, Dani. Chumba kimoja. Kodi imepanda mara mbili."

Akanikatia kipande kingine cha kiazi, kikubwa kuliko cha kwanza, akasema nile kabla hakijapoa.